Lehemu Ikipanda: Lini Chakula Kinatosha, Lini Kidonge Hakikwepeki

Kuna swali linaloulizwa sana siku hizi kandokando ya Ghuba ya Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Kigongo, Busisi na Sengerema: "Daktari ameniandikia dawa ya kushusha lehemu. Nimeze, au nijaribu kwanza kwa chakula?" Mara nyingi linafuatwa na jingine: "Nasikia ukishaanza dawa hizo huachi. Ni kweli?"

Nitajibu mapema, kisha nieleze sababu. Chakula na dawa havigombanii mgonjwa mmoja. Kinachoamua uanze na kipi ni ukubwa wa hatari uliyonayo ya kupata shambulio la moyo au kiharusi. Mwenye hatari ndogo apewe muda wa kurekebisha jiko lake. Mwenye hatari kubwa anahitaji kidonge leo, na jiko alirekebishe pia. Kwa wote wawili, kinachosema ukweli wa mwisho ni kipimo cha damu, wala si jirani, si muuza dawa wa mnadani, wala si namna unavyojisikia.

Kwa watu wa Busisi swali hili limekuja wakati mzuri. Kwa miaka mingi safari ya kwenda hospitali za Bugando au Sekou Toure mjini Mwanza ilitegemea kivuko, na siku ya msongamano mtu aliweza kupoteza saa mbili kati ya foleni na maji. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, gari linavuka ghuba kwa dakika chache. Mkazi wa Busisi anaweza kwenda mjini asubuhi, akatolewa damu, akarudi nyumbani mchana. Kwa aliyepatwa na kiharusi usiku, tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Lakini daraja linamfikisha mgonjwa hospitali tu. Kuzuia asifike huko akiwa amebebwa ni kazi inayoanzia nyumbani.

Wala tusijidanganye kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri wa Dar es Salaam. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na lehemu iliyozidi kiwango, na kiasi kama hicho walikuwa na shinikizo la juu la damu.

Lehemu inafanya nini mwilini

Lehemu, ambayo wengi tunaiita kolesteroli, ni aina ya mafuta mazito ambayo mwili unayahitaji ili kujenga seli, kutengeneza homoni na kutengeneza nyongo. Sehemu kubwa haitoki kwenye sahani. Inatengenezwa na ini. Ndiyo maana mtu mwembamba asiyegusa nyama anaweza kuwa na lehemu ya juu, na ndiyo maana chakula peke yake kina kikomo cha kile kinachoweza kushusha.

Katika damu lehemu husafiri ndani ya vibebeo. Kibebeo kinachoitwa LDL ndicho tunachokiita mafuta mabaya, kwa sababu kikizidi hupenya kwenye kuta za mishipa na kujilimbikiza humo taratibu kwa miaka ishirini, thelathini. HDL ndiyo mafuta mazuri. Trigliseridi ni mafuta mengine, ambayo hupanda sana kwa pombe, sukari, unene na kisukari.

Kulimbikizika huko hakuumi. Hakuna kizunguzungu cha lehemu, wala kichwa cha lehemu, wala ganzi ya lehemu. Siku utando uliofunika mafuta yale ukipasuka, damu inaganda juu yake na mshipa unaziba. Ikitokea kwenye moyo ni shambulio la moyo. Ikitokea kwenye ubongo ni kiharusi. Kwa hiyo mtu anaposema "mimi najisikia vizuri, lehemu yangu itakuwa sawa," hana ushahidi wowote mkononi.

Isome karatasi yako ya vipimo

Ukipewa majibu, usiishie kwenye jumla. Tafuta mstari wa LDL. Maabara zetu nyingi huandika kwa mmol/L. Nyingine kwa mg/dL. Moja ya mmol/L ni takribani 39 za mg/dL, kwa hiyo usishtuke ukiona 130 wakati mwenzako ana 3.4, ni kitu kilekile.

Kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, LDL ya chini ya 3.0 mmol/L kwa kawaida haileti wasiwasi. Ikifika 4.9 au zaidi, yaani 190 kwa mg/dL, hilo ni jambo zito peke yake, hata kama huna presha wala sukari. Kwa aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi kilichotokana na mshipa kuziba, madaktari hutaka LDL ishuke chini ya 1.8, na miongozo mingine huenda chini zaidi ya hapo. Unaona basi: LDL ya 3.2 inaweza kuwa sawa kwa binti wa miaka 28 na ikawa hatari kwa mzee wa miaka 60 mwenye kisukari aliyewahi kupooza upande mmoja.

Mwombe daktari aangalie pia kama kuna kitu kingine kinachopandisha. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, baadhi ya magonjwa ya figo, kisukari kisichodhibitiwa na baadhi ya dawa huweza kupandisha lehemu. Kutibu chanzo wakati mwingine hushusha namba bila dawa ya lehemu kabisa.

Chakula kina nguvu, na nguvu hiyo imepimwa

Mwaka 2003 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walifanya jaribio la mwezi mmoja kwa watu 46 wenye lehemu ya juu. Kundi la kwanza lilipunguza tu mafuta mabaya kwenye chakula. LDL ilishuka kwa asilimia 8. La pili lilifanya hivyo na kumeza lovastatini miligramu 20. LDL ilishuka kwa asilimia 31 hivi. La tatu lilikula mpango maalumu wenye nafaka zenye nyuzinyuzi, soya, karanga za aina ya lozi, sterola za mimea na mboga za utelezi kama bamia, pamoja na bilinganya. LDL ilishuka kwa asilimia 29 hivi. Chakula kilikaribiana na kidonge.

Lakini watu wale walipewa chakula chao chote na kukila kwa nidhamu. Jenkins alipochapisha mwaka 2011 jaribio la miezi sita ambalo watu walipewa ushauri tu na kujinunulia wenyewe, LDL ilishuka kwa asilimia 13 hivi. Hicho ndicho kiasi ambacho mtu mwenye bidii, anayepika nyumbani kwake na kualikwa kwenye harusi za watu, anaweza kukitarajia. Si kidogo. Kwa mwenye LDL ya 3.6, kinamleta karibu na 3.1. Kwa mwenye 5.5, kinamwacha bado pabaya.

Hapa kwetu kuna ushahidi unaofanana na maisha ya kando ya ziwa. Mwaka 1996 watafiti wa Kiitalia wakiongozwa na Paolo Pauletto walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliofanyika Lugalawa na kandokando ya Ziwa Nyasa. Walilinganisha wanavijiji wa ufukweni waliokula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku na wanavijiji wa milimani wa jamii hizohizo waliokula mimea karibu tupu. Wala samaki walikuwa na presha ya chini zaidi, lehemu ya chini zaidi na trigliseridi za chini zaidi. Mtu wa Busisi mwenye sato na dagaa mlangoni ana neema ambayo wengine wanaitafuta kwenye vidonge vya mafuta ya samaki.

Neema hiyo tunaiharibu jikoni. Simama kando ya karai la mapanki saa kumi na moja jioni. Mafuta yamekaangia tangu juzi, yamekuwa meusi na mazito, yanatoa povu na moshi. Pande la sangara ambalo lenyewe lina mafuta ya kutosha linazamishwa humo hadi ngozi ikauke, kisha linawekwa juu ya gazeti ambalo linalowa mara moja. Samaki huyo ameingia karaini akiwa chakula cha kulinda moyo na ametoka akiwa amebeba mafuta yaliyochoka. Mama anayekaanga hana kosa la pekee. Mafuta ni ghali na wateja wanataka bei ya chini. Wewe mwenye chaguo, chagua tofauti.

Mambo haya ndiyo yanayoleta mabadiliko ya kweli, kwa mpangilio wa uzito wake:

Kwanza, badilisha aina ya mafuta. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayopandisha LDL, na mafuta mengi ya kupikia ya bei nafuu tunayopimiwa dukani, hata yakiwa meupe, chanzo chake ni mawese kutoka nje. Samli na siagi zimezidi hapo. Mafuta ya alizeti yana takribani sehemu moja tu kati ya kumi ya aina hiyo. Ya pamba, ambayo Usukumani tunayafahamu tangu zamani, yana takribani robo. Ukiweza, nunua alizeti, na uipime kwa kijiko cha chakula badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yakabadilika rangi, yamwage.

Pili, rudisha upishi wa chukuchuku. Sato aliyechemshwa kwa nyanya, kitunguu na ndimu hahitaji mafuta. Dagaa nao wanaweza kuchemshwa au kukaangwa kikavu kidogo, kisha wakaungwa kwa nyanya na karanga iliyosagwa. Usiogope dagaa kwa kusikia kwamba wana lehemu ndani yao. Lehemu ya kwenye chakula huathiri damu kidogo kuliko mafuta ya nyama na samli. Kwa sababu hiyohiyo yai moja kwa siku halimsumbui mtu mzima wa kawaida. Chipsi mayai ni habari nyingine, na kinachoiharibu si yai.

Tatu, ongeza nyuzinyuzi, hasa zile za utelezi. Zinakamata nyongo tumboni na kutoka nayo, hivyo ini linalazimika kuvuta lehemu kutoka kwenye damu kutengeneza nyongo mpya. Mlenda, bamia, maharage, choroko, kunde na njegere ziko kwenye kundi hili. Bakuli la maharage kila siku ni tiba ya bei nafuu kuliko dawa yoyote ya lishe inayouzwa kwenye chupa. Badilisha sembe kwa dona, au ugali wa mtama. Asubuhi, michembe au viazi vitamu vya kuchemsha na karanga kiganja kimoja vina faida kuliko maandazi mawili na chapati.

Nne, nyama iliyonona iwe ya siku maalumu. Ng'ombe ni heshima Usukumani na sisemi tumkatae. Chagua mnofu, kata mafuta, toa ngozi ya kuku kabla ya kupika. Supu ya utumbo na kongoro yenye mafuta yanayoelea juu isiwe kifungua kinywa cha kila siku.

Tano, kahawa. Kahawa ya kuchemsha isiyochujwa hupandisha LDL kwa mtu anayekunywa vikombe vingi kila siku. Ichuje kwa karatasi maalumu au punguza idadi ya vikombe.

Mazoezi na kupunguza uzito hushusha LDL kidogo, lakini hushusha trigliseridi vizuri, hupandisha HDL na hushusha presha na sukari. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi au kuendesha baiskeli zinatosha kuanzia. Na sigara iachwe. Kwa mvutaji hakuna chakula wala kidonge kitakachofidia moshi.

Wapo watakaosema, "Wamasai wanakunywa maziwa na kula nyama, mbona hawaugui?" Hoja hiyo ina utafiti nyuma yake. Mmarekani George Mann aliwapima Wamasai wa Tanganyika miaka ya 1960 akakuta lehemu yao iko chini. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa maiti za Wamasai 50: mafuta yalikuwamo kwenye kuta za mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Watu wale walikuwa wakitembea masafa marefu kila siku ya maisha yao. Anayekula nyama ya Kimasai huku akipanda bodaboda hata kwenda dukani hajaufuata mfano wao.

Kitunguu saumu, manjano na mdalasini

Hapa nataka nizungumze kwa uwazi, kwa sababu ndipo fedha nyingi za wagonjwa zinapotea. Mwaka 2022 madaktari wa Cleveland Clinic, Marekani, walichapisha jaribio la watu 190 waliogawanywa kwa kura. Wengine walipewa rosuvastatini miligramu 5, ambayo ni dozi ndogo. Wengine kidonge kitupu, kisicho na dawa. Na wengine mojawapo ya virutubisho sita, vikiwamo kitunguu saumu, manjano, mdalasini na mafuta ya samaki. Baada ya siku 28 rosuvastatini ilishusha LDL kwa asilimia 38 hivi. Hakuna kirutubisho hata kimoja kilichofanya vizuri kwa maana ya kitakwimu kuliko kidonge kitupu.

Endelea kutia kitunguu saumu kwenye mboga na mdalasini kwenye chai. Ni viungo vizuri, na vinakusaidia kupunguza chumvi. Usivinywe asubuhi kwa imani kwamba vimechukua nafasi ya dawa. Maji ya moto na limau hayayeyushi mafuta yaliyo kwenye mshipa. Yanapita tumboni kama maji mengine.

Kuwa mwangalifu zaidi na unga au chupa isiyo na maelezo inayouzwa mnadani au kwenye basi. Dawa za asili zina utaratibu wake wa usajili katika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha usajili wala kukueleza kilichomo usimpe fedha wala ini lako.

Kidonge chenyewe kimetoka wapi

Wengi hukikwepa kwa sababu "ni kemikali". Historia yake inashangaza. Dawa za kundi la statini ziligunduliwa na Mjapani Akira Endo, mtoto wa mkulima, ambaye pamoja na wenzake walichunguza zaidi ya aina 6,000 za kuvu wakitafuta kitu kitakachozuia utengenezaji wa lehemu. Mwaka 1973 walikipata kwenye kuvu la rangi ya bluu na kijani lililoota kwenye mchele wa duka la nafaka Kyoto. Statini ya kwanza kuruhusiwa Marekani, lovastatini, ilianza kuuzwa mwaka 1987, nayo pia asili yake ni kuvu. Tofauti ya kidonge na majani ya porini haiko kwenye kutoka kwa viumbe hai. Iko kwenye dozi inayojulikana na matokeo yaliyohesabiwa.

Statini huzuia ini lisitengeneze lehemu nyingi, nalo huanza kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Dozi ya kati, kama atorvastatini miligramu 10 au 20, hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 49. Dozi kubwa, miligramu 40 au 80, hushusha kwa nusu au zaidi. Na kinachotuhusu si namba tu. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo ulionyesha kwamba waliotumia simvastatini walikufa kwa asilimia 30 pungufu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Majumuisho ya tafiti nyingi yanaonyesha kuwa kila LDL inaposhuka kwa 1 mmol/L, mashambulio ya moyo na viharusi hupungua kwa takribani moja ya tano.

Je, ina madhara? Ndiyo, na unastahili kuyajua. Maumivu ya misuli ndiyo malalamiko makubwa. Hata hivyo, mwaka 2020 watafiti wa Imperial College, London, waliwachukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa kwa zamu, bila wao kujua kipi ni kipi, miezi ya statini, miezi ya kidonge kitupu na miezi bila kidonge. Asilimia 90 ya usumbufu waliousikia wakitumia statini waliusikia pia wakimeza kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila sehemu kubwa haikutoka kwenye dawa. Nusu yao waliweza kurudia tiba.

Madhara makubwa yapo lakini ni nadra sana. Misuli ikiuma vikali na kulegea, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, acha dawa siku hiyohiyo na uende hospitali. Macho yakiwa ya njano, vivyo hivyo. Statini pia huweza kuongeza kidogo uwezekano wa kisukari kwa mtu aliyekwisha kuwa karibu nacho. Faida yake kwa moyo bado huzidi hasara hiyo kwa mwenye hatari kubwa. Mjamzito au anayepanga kushika mimba amwambie daktari, maana kwa kawaida dawa hizi husimamishwa.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia. Mtu anayehudhuria kliniki ya VVU (CTC) na kutumia ARV zenye ritonaviri hatakiwi kupewa simvastatini, kwa sababu ritonaviri huifanya ijae kwenye damu kupita kiasi. Zipo statini nyingine zinazofaa, na zina faida kubwa kwao: utafiti wa mwaka 2023 uliohusisha watu zaidi ya 7,700 wanaoishi na VVU, wakiwamo wa Uganda, ulionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Baadhi ya antibiotiki, kama klarithromaisini, na juisi nyingi ya balungi, nazo hugongana na baadhi ya statini.

Sasa, uanze na kipi?

Kundi la kwanza ni wale wanaohitaji dawa bila kusubiri. Humo wamo waliopata shambulio la moyo au kiharusi cha kuziba mshipa. Wenye LDL ya 4.9 na kuendelea. Na, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, wenye kisukari walio na miaka 40 au zaidi. Kwao chakula ni cha kuongezea nguvu ya dawa. Kuwaambia "jaribu limau kwanza miezi mitatu" ni kuwaweka hatarini.

Ndani ya kundi hili wapo waliorithi. Takribani mtu mmoja kati ya 250 hadi 300 duniani huzaliwa na hitilafu inayolifanya ini lishindwe kuiondoa LDL. Ukiwa na LDL ya juu mno, na baba au kaka aliyekufa ghafla kabla ya miaka 55, mwambie daktari hivyo. Huenda ni huo urithi, wala si kurogwa, na watoto wako wapimwe mapema.

Kundi la pili ni wenye hatari ya kati: umri umesogea, presha ipo, uzito umezidi, LDL iko kati ya 3.0 na 4.8. Hapa daktari hutumia jedwali la Shirika la Afya Duniani linalojumlisha umri, jinsia, presha, sigara, sukari na lehemu, na kukuambia uwezekano wako wa kuugua ndani ya miaka 10. Ukifika asilimia 20, dawa inashauriwa. Chini ya hapo mna nafasi ya kujadiliana, na miezi mitatu ya chakula kizuri ni jaribio la haki, mradi iishie kwenye kipimo.

Kundi la tatu ni vijana na watu wazima wasio na ugonjwa mwingine, ambao LDL imezidi kidogo tu. Hawa waanze na jiko, waache sigara, watembee, warudie kipimo. Wengi wao hawatahitaji kidonge kwa sasa.

Usiache kwa sababu namba imeshuka

Hili ndilo kosa linaloua. Mgonjwa anaanza atorvastatini, anarudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 12, LDL imeshuka kutoka 4.2 hadi 2.1, anafurahi na kuacha. Namba imeshuka kwa sababu ya dawa. Ikiachwa, ndani ya wiki chache inarudi ilikokuwa. Kuendelea na dawa si utumwa wala uraibu. Ini linaendelea kutengeneza lehemu kila siku, na dawa inafanya kazi kwa muda ule unaoendelea kuimeza tu.

Tanzania ina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwamo wa Kanda ya Ziwa, walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo walioacha ARV na dawa za kisukari wakiamini wamepona, na wapo waliolipa kwa uhai wao. Imani na dawa ya kienyeji ya bibi yako vinaweza kukaa nyumba moja na kidonge cha hospitali. Kinachoua ni kukitupa kidonge bila kupima.

Kama fedha ndiyo tatizo, usijinyime dozi kimyakimya wala kumeza siku moja na kuruka mbili. Mwambie daktari au mfamasia akupe atorvastatini ya jina la kawaida badala ya ile ya kampuni yenye jina kubwa. Dawa ni ileile na bei hutofautiana sana. Nunua famasia iliyosajiliwa, na uliza kama bima yako inailipia.

Ukienda kliniki, andika maswali haya nyuma ya karatasi yako ya majibu: LDL yangu ni ngapi na inatakiwa iwe ngapi? Hatari yangu ya miaka 10 ni asilimia ngapi? Umeangalia tezi, figo na sukari? Nikijaribu chakula kwanza, nirudi lini kupima? Nikianza dawa, ni dozi gani, na ni dalili gani zinifanye nirudi haraka? Daktari mwema hatakasirishwa na maswali hayo, nawe utaondoka na mpango badala ya kuondoka na cheti cha dawa tu.

Na wewe uliyefika miaka 40 na hujawahi kupima, anza wiki hii: presha, sukari, lehemu. Presha na sukari hupimwa hata kwenye vituo vidogo vya karibu. Kwa lehemu, kama hakuna kipimo karibu nawe, vuka daraja. Ukipata majibu, mpeleke na mwenzi wako akasikie, kwa sababu sufuria ni ya wote wawili, na atakayekukumbusha kidonge jioni ni yeye.